Havdala: Kiashkenazi au Kisefardi, divai au kahawa, karafuu au mrehani?

Wayahudi hawaiachi Shabati iondoke kimyakimya. Jumamosi usiku ukiingia wanaisindikiza kwa kikombe cha divai, kitu chenye harufu nzuri na moto. Ibada hiyo ni fupi, haifiki dakika kumi hata kwa anayesoma polepole, na inaitwa Havdala. Baraka zake ni nne: ya divai, ya manukato, ya moto, kisha ile inayomsifu Mungu aliyetenganisha kitakatifu na cha kawaida, nuru na giza, Israeli na mataifa, siku ya saba na siku sita za kazi. Mpangilio huo utaukuta katika kitabu cha sala cha Vilna na cha kisiwa cha Rhodes vilevile. Tofauti zinajitokeza ukiuliza ni kinywaji gani, manukato yapi, mshumaa wa namna gani, na nani ashike kikombe.

Myahudi aliyezaliwa katika ukoo wenye mila hana haja ya kuchagua, anafuata alichokiona kwa wazazi wake. Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo. Wayahudi waliojenga jumuiya ya Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20 walitoka zaidi Ulaya, na mila zao zilikuwa za Kiashkenazi, yaani za Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki. Katika miaka hiyohiyo Lubumbashi, mji wa Katanga, Kongo, unaoongea Kiswahili, ulipokea kutoka Rhodes Wasefardi, yaani Wayahudi wenye asili ya Uhispania, walioongea Kiladino, Kihispania cha Kiyahudi, majumbani. Halafu wapo Abayudaya wa eneo la Mbale, Uganda, ambao safari yao ilianza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu alipoisoma Biblia na kuamua kuishika Torati. Hawa hawakurithi Uashkenazi wala Usefardi, na leo wengi wao wako katika mkondo wa Kikonsavativu, ulio wa wastani, wengine katika kijiji cha Putti wanafuata Uorthodoksi, ulio mkali zaidi. Kwa mtu wa namna hiyo, na kwa kila aliyeongoka akiwa mtu mzima, swali la kuchagua ni la kweli na linarudi kila Jumamosi.

Msimamo wangu nautaja mapema. Katika maneno ya baraka shika mila moja usiichanganye. Katika vifaa, chukua kilichopo jikoni na bustanini, kwa kuwa sheria yenyewe imeruhusu. Havdala inayofanyika kila wiki kwa mrehani na mishumaa miwili ya dukani ni bora kuliko inayongojea kifurushi kutoka Jerusalem.

Saa ya kuanza

Kanuni ya jumla ni nyota tatu angani. Wengi, Waashkenazi kwa Wasefardi, wanahesabu kwamba nyota hizo huonekana jua likiwa limeshuka kama nyuzi 8.5 chini ya upeo wa macho. Rabenu Tam, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 12, alikuwa na hesabu ndefu zaidi, na wanaomfuata husubiri dakika 72 baada ya jua kuzama.

Kwenye nchi za kaskazini, majira ya joto, machweo yanajikokota na tofauti hizi zinachanganya kichwa. Kwetu karibu na ikweta jua linashuka wima, na zile nyuzi 8.5 zinapita kwa dakika 35 hivi mwaka mzima. Chukua Jumamosi ambayo jua la Nairobi linazama saa 12:30 jioni. Wa kwanza wataanza Havdala kama saa 1:05 usiku, wafuasi wa Rabenu Tam saa 1:42, na wakati huo anga imeshakuwa nyeusi kabisa.

Ningechagua nyota tatu. Nusu saa ile inaamua kama watoto watanusa manukato wakiwa macho au watakuwa wamelala kwenye kochi, na Havdala bila watoto inapoteza nusu ya kazi yake. Ila kalenda iliyochapishwa kwa ajili ya London au New York usiitumie hata kidogo, tafuta iliyokokotolewa kwa mji wako.

Kabla ya Havdala hakuna kula wala kunywa, isipokuwa maji. Kuwasha jiko au kupiga simu ni suala jingine: ukishaingiza maneno ya utenganisho katika sala ya jioni, au ukisema tu *barukh hamavdil bein kodesh lehol*, “abarikiwe atenganishaye kitakatifu na cha kawaida,” kazi imeruhusiwa hata kama kikombe bado.

Kusimama, kukaa, na maneno ya kufungulia

Hapa sitakaa sana. Yosef Karo wa Safed, ambaye kitabu chake cha sheria, Shulhan Arukh, kilichapwa Venice mwaka 1565, aliandika kwamba Havdala husomwa kwa kukaa. Moshe Isserles wa Krakow akaongeza pembeni kwamba katika nchi zao watu husimama. Mpaka leo utaona hivyohivyo: meza ya Kisefardi mara nyingi imekaa, ya Kiashkenazi mara nyingi imesimama, kama watu wanaomsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Wapo Waashkenazi wanaokaa na Wasefardi wanaosimama, na hakuna anayeharibu kitu.

Waashkenazi hufungua kwa aya za Isaya 12, *hineh El yeshuati*, “Tazama, Mungu ndiye wokovu wangu,” na wanapofika kwenye aya ya kitabu cha Esta kuhusu nuru na furaha waliyoipata Wayahudi, nyumba nzima inaisema kwa sauti kabla ya msomaji. Wasefardi hutegemea zaidi Zaburi 116, *kos yeshuot esa*, “Nitakipokea kikombe cha wokovu,” kisha msomaji huita *sabri maranan*, “kwa idhini yenu, mabwana,” na waliopo humjibu *lehayim*, “kwa uhai.” Kama una watoto au wageni wasiojua Kiebrania, mtindo huu wa kuitikia unawashirikisha haraka. Neno moja la kuitikia linashikwa kwa jioni moja.

Kikombe: divai, juisi ya zabibu, bia, kahawa

Divai ya zabibu ndiyo ya kwanza kwa wote. Juisi ya zabibu inahesabiwa pamoja nayo, na inafaa nyumba yenye watoto au mtu asiyekunywa pombe. Kikombe kijae. Kiasi cha chini ni *reviit*, na hapa kuna vipimo viwili maarufu: mililita 86 kwa hesabu ya Rabi Haim Naeh, mililita 150 kwa hesabu ya rabi aitwaye Hazon Ish. Kikombe cha mililita 150 kinawaridhisha wote wawili, kwa hiyo kama unanunua kipya nunua hicho. Kile kikombe kidogo cha kahawa cha barazani kwa kawaida hakifiki hata kipimo cha chini.

Isserles anataja desturi ya kumimina mpaka divai imwagike kidogo, kama dalili ya neema kwa wiki inayoanza. Ndiyo maana chini ya kikombe huwekwa kisahani. Mwishoni Waashkenazi wengi huzima mshumaa kwa divai hiyo, huchovya vidole na kugusa kope za macho. Familia nyingine hupaka na mifukoni wakiombea riziki. Hizo ni desturi zinazopendeza, na asiyezifuata hana deni.

Shida ya huku ni bei. Divai ya kosha, yaani inayokubalika kwa sheria za chakula za Kiyahudi, inasafiri mbali, na chupa moja inaweza kugharimu posho ya nyumba ya siku kadhaa. Una njia tatu.

Ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote: divai ya zabibu kavu. Sheria inaikubali kabisa na baraka yake ni ileile ya divai. Unaloweka zabibu kavu kwenye maji kwa siku tatu, unaziponda, unachuja. Zabibu ziwe zaidi ya sehemu moja ya sita ya maji, na ziwe bado na unyevu wake zikibinywa, zisiwe zimekauka kama kokoto. Mimi ningeweka zabibu nyingi zaidi ya hapo, maana kinachotakiwa ni ladha ya divai na wala si maji yenye rangi. Kwa kuwa umeitengeneza mwenyewe, wasiwasi wa nani ameishika njiani, ambao ni suala la sheria katika divai, unaisha. Ukiloweka Jumatano asubuhi, Jumamosi jioni siku zake tatu zimeshatimia. Kazi inayobaki ni ya kusaga na kukamua, na hiyo haifanywi ndani ya Shabati, kwa hiyo anza Jumatatu uchuje Ijumaa mapema.

Ya pili ni kinachoitwa *hamar medina*, kinywaji cha heshima cha nchi husika. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mijadala ya marabi wa kale, ina kisa chake, katika Pesahim 107a. Rabi mmoja, Amemar, alifika mji mmoja Jumamosi usiku na divai haikuwepo. Wakamletea bia, akakataa, akalala na njaa. Asubuhi wenyeji wakahangaika mpaka wakapata divai, akafanya Havdala, akala. Mwaka uliofuata akapita tena, divai hakuna, wakamletea bia. Safari hii akasema: kama ndivyo, basi hii ndiyo divai ya nchi hii. Akafanya Havdala juu yake, akala. Nakipenda kisa hiki kwa sababu sheria imetoka kwa mtu aliyewatazama wenyeji wake na kukubali kwamba wanachompa ndicho bora walicho nacho.

Lakini kinywaji kipi kinahesabika leo? Hapa mila zinaachana kweli. Kwa Wasefardi wanaomfuata Rabi Ovadia Yosef, sharti kiwe na kilevi: bia sawa, chai na kahawa hapana. Kwa Waashkenazi, Rabi Moshe Feinstein wa New York alitazama hadhi ya kinywaji, kama ni kitu anachokaribishiwa mgeni kwa heshima au ni cha kukata kiu tu. Kwa njia hiyo kahawa na chai zinaweza kupita pale divai inapokosekana. Maji hayapiti kwa yeyote, na soda hupita kwa shida.

Ukiipeleka hoja ya Feinstein pwani ya Afrika Mashariki, naona kahawa inastahili. Anayekaribishwa kahawa hapewi kwa sababu ana kiu. Chai ya maziwa yenye iliki au tangawizi, ambayo hakuna mgeni anayeruhusiwa kuondoka bila kuinywa, naiweka hapohapo. Kwa mfuasi wa Ovadia Yosef, bia ya kawaida ya shayiri isiyo na vikolezo ndiyo njia nyepesi. Pombe za kienyeji kama mbege ya Kilimanjaro zina heshima kubwa katika sherehe za kwao, lakini ningemuuliza rabi kwanza kuhusu viungo na chombo. Katika vinywaji hivi vyote baraka inabadilika, haisemwi ya matunda ya mzabibu bali *shehakol*, baraka ya jumla ya vinywaji. Na jambo la vitendo: kahawa iache ipoe kabla ya kuanza. Msomaji anatakiwa anywe mdomo uliojaa kwa mkupuo, na hakuna anayeweza kufanya hivyo na kahawa inayofuka mvuke.

Ya tatu ni kufanya Havdala pamoja. Kikombe kimoja cha msomaji kinatosha watu wote wanaosikiliza kwa nia ya kutimiza wajibu, wawe watano au hamsini. Familia nne zikikutana kwa zamu, chupa moja inakwenda mbali.

Manukato: karafuu au majani mabichi?

Kwa nini kunusa? Talmudi, Beitza 16a, inamnukuu Rabi Shimon ben Lakish akisema kwamba Mungu humpa mtu roho ya ziada Ijumaa jioni na kuichukua Shabati inapotoka. Wafafanuzi waliokuja baadaye wakaeleza kwamba harufu nzuri inamtuliza anayebaki nyuma na majonzi ya kuondokewa. Midomo imepata divai, mwili utapata chakula, lakini roho inafurahia harufu. Hakuna kipengele cha Havdala kinachonigusa kama hiki.

Karo alipendekeza mhadasi kila unapopatikana, na katika mila nyingi za Kisefardi na za Mashariki mimea mibichi ndiyo ya kawaida. Isserles alisema mhadasi mkavu uliokwisha harufu hauna maana, na Waashkenazi wakaelekea kwenye viungo vikavu vinavyodumu. Wajerumani wakavitengenezea visanduku vya fedha vyenye umbo la mnara, na kimoja cha Frankfurt cha karibu mwaka 1550 bado kipo katika makumbusho ya Kiyahudi ya New York. Ndani ya visanduku hivyo, leo, mara nyingi utakuta karafuu.

Na karafuu ni yetu. Katika karne ya 19 hakuna mahali duniani palipotoa karafuu nyingi kama Unguja na Pemba. Mtu wa Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam anainunua kwa fungu sokoni, na tena mbichi kuliko ile iliyokaa mwaka mzima kwenye kisanduku cha fedha. Ijaribu kabla ya kununua: chukua chembe moja, bana kichwa chake kwa ukucha. Nzuri itatoa mafuta kidogo na harufu itabaki kwenye kidole. Iliyozeeka inavunjika tu na kutoa vumbi. Iweke kwenye kikopo chenye mfuniko wa kukaza, ifunguliwe Jumamosi tu, na ibadilishwe harufu inapopungua, kwa sababu kitu kisichonukia hakisemewi baraka.

Majani mabichi yana faida nyingine. Mrehani uliochumwa dakika hiyohiyo na kusuguliwa kati ya vidole unamfikia kila mtu mezani kabla hujamaliza kusema amina. Nana ni hivyohivyo. Waridi na asumini pia zinafaa. Marashi ya mawaridi yana historia ndefu hapa: katika nyumba nyingi za Wayahudi wa Afrika Kaskazini hunyunyizwa viganjani mwa waliopo, kwa chombo kilekile cha shingo ndefu ambacho mtu wa pwani anakijua kwa jina la mrashi na amekiona kwenye kila harusi. Kama bibi amekuachia mrashi kabatini, utoe.

Sasa tofauti ya baraka, na hii ndiyo sehemu inayohitaji umakini. Waashkenazi wamezoea kusema baraka moja katika Havdala kwa kila aina ya harufu, *borei minei vesamim*, muumba wa aina za manukato. Wasefardi hutofautisha: kinachotoka kwenye mti au kichaka chenye shina gumu, kama waridi, asumini na mhadasi, ni *atsei vesamim*, kinachotoka kwenye mmea laini, kama nana na mrehani, ni *isvei vesamim*, vingine ni *minei*. Karafuu imewajadilisha sana marabi, maana ni ua la mti na papo hapo ni kiungo cha chakula. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukishika mila ya Kiashkenazi, karafuu ni rahisi na haina maswali. Ukishika ya Kisefardi, chukua mmea ambao aina yake haina ubishi. Tawi la nana litakuepusha na mjadala mzima.

Udi na ubani je? Moshi wa udi unaruhusiwa, lakini Talmudi katika Berakhot 53a inaweka mpaka: kinachofukizwa ili nguo zinukie hakisemewi baraka, kwa kuwa hakikuwekwa kwa ajili ya kunuswa. Chetezo kilichokwisha kuwashwa kufukizia mashuka na kanzu hakitumiki. Kwa mantiki iliyo karibu na hiyo, dawa ya kupulizia chooni haifai hata kama imeandikwa waridi kwenye kopo, kwani kazi yake ni kuondoa uvundo.

Moto

Kuna simulizi katika Pesahim 54a kwamba Adamu, giza lilipoingia baada ya Shabati ya kwanza, alipewa maarifa akagonga mawe mawili na moto ukatoka. Baraka ya moto inakumbuka usiku huo. Kati ya shule mbili za walimu wa kale, ya Shamai ilitaka isemwe kwa umoja, aliyeumba mwanga wa moto, na ya Hileli kwa wingi, mianga ya moto, kwa sababu katika ulimi mmoja wa moto macho huona rangi nyingi. Wote leo wanafuata Hileli.

Kinachopendekezwa ni mwenge, yaani moto wenye tambi zaidi ya moja. Waashkenazi wanapenda mshumaa wa kusuka, mrefu, wenye tambi kadhaa. Wasefardi wengi wanatumia mishumaa miwili iliyokaribishwa mpaka ndimi zake zikaungana, na sheria inaona sawa. Mshumaa wa kusuka ni mzuri machoni na watoto wanaugombania kuushika. Lakini ile mishumaa myeupe ya dukani inayowekwa akiba umeme ukikatika, miwili mkononi, inatosha kabisa. Weka sahani chini, kwani nta inadondoka haraka miali miwili ikikutana. Kibatari kinafaa pia kwa kuwa moto wake uko wazi, na njiti mbili za kiberiti zikishikwa pamoja zimewaokoa wengi. Taa ya chemni ina kioo, na kuhusu moto ulio nyuma ya kioo marabi wametofautiana, hivyo toa kioo kwanza.

Umeme ni mjadala wenye heshima. Inasimuliwa kwamba Rabi Haim Ozer Grodzinski wa Vilna alifanya Havdala juu ya balbu makusudi, ili watu waelewe kwamba uzi wa chuma uliowaka ni moto na hauwashwi Shabati. Rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Jerusalem hakukubali itumike kwa baraka. Taa za LED na zile nyeupe za mirija hazina uzi uliowaka, na hizo hazimo. Hospitali, au ndani ya ndege, balbu ya uzi ingekuwa na hoja. Nyumbani washa mshumaa.

Moto lazima utumike ndipo usemewe baraka, usitazamwe tu. Kipimo cha zamani ni mwanga unaokuwezesha kutofautisha sarafu ya nchi moja na ya nchi nyingine. Ukiweza kutambua shilingi ya Kenya na ya Tanzania kwa mwanga huo, umefika. Kwa vitendo watu hutazama kucha. Isserles anaeleza: mkono wa kulia, vidole vinne vikunjwe juu ya kiganja, ili kucha na kiganja vionekane kwa pamoja. Zima taa ya chumba kwa dakika hiyo moja. Mwanga unapita juu ya kucha, kivuli cha vidole kinaanguka kiganjani, na mtoto aliyekuwa anachezacheza ananyamaza atazame mkono wake. Asiyeona hasemi baraka hii, na zile nyingine tatu anazisema kama kawaida.

Kuhusu mikono, Karo ana utaratibu ambao ni mzuri kwa kila mila: kikombe kulia na manukato kushoto wakati wa baraka ya divai, kisha vibadilishane, manukato kulia na kikombe kushoto. Baada ya moto kikombe kinarudi kulia kwa baraka ya mwisho.

Nani asome?

Karo aliandika kwamba wanawake wanawajibika kama katika Kidushi ya Ijumaa, ile baraka ya divai ya kuikaribisha Shabati, akataja wasiokubali. Isserles kwa shaka hiyo akashauri wasijifanyie bali wasikie kwa mwanamume. Baadaye vitabu vikubwa vya sheria vya Waashkenazi wenyewe, kama Magen Avraham na Mishna Berura, vilisema mwanamke anaweza kujisomea. Kuna pia desturi ya wanawake kutokunywa divai ya Havdala, lakini aliyesoma mwenyewe hunywa. Katika jumuiya za Kikonsavativu na za Mageuzi yeyote mtu mzima anasomea wote.

Naliona suala hili kwa macho ya nyumba nyingi za huku, ambako mama ndiye anayebaki na watoto na baba yuko safarini kikazi. Nyumba kama hiyo isiikose Havdala. Mama achukue kikombe, asome, anywe. Ana wa kumtegemea hata ndani ya mila iliyo kali zaidi kuhusu jambo hili.

Ukiniuliza uchague nini

Kama jumuiya yako ina mila, ifuate hata kama nyingine inakuvutia zaidi. Wiki baada ya wiki utahitaji watu wa kuitikia nao, na kuwa peke yako na wimbo usiojulikana na jirani kunachosha. Ukiwa Nairobi na unasali na Waashkenazi, chukua aya za Isaya, baraka moja ya manukato, karafuu za Pemba, kusimama. Mwenye mizizi ya Lubumbashi na Rhodes achukue *kos yeshuot*, nana au marashi, kukaa, na wakimaliza watakiane *buena semana*, “wiki njema,” kama wazee wao.

Asiyerithi chochote na hana jumuiya karibu, namshauri aanze na namna ya Kiashkenazi kwa sababu moja tu: baraka ya manukato haibadiliki, kwa hiyo makosa yanapungua na unaweza kutumia mmea wowote uliouchuma jioni hiyo. Akipata rabi baadaye, atamsikiliza. Vifaa vyake viwe divai ya zabibu kavu, mrehani, mishumaa miwili na kisahani. Hivyo vyote vinapatikana Mbale, Arusha na Bukavu bila kuagiza nje.

Ukichelewa, au ukiwa mbali

Aliyekosa Jumamosi usiku, labda basi liliharibika njiani au alikuwa zamu ya usiku, ana mpaka Jumanne jua linapozama. Katika siku hizo anasema baraka ya kinywaji na ile ya utenganisho tu. Manukato na moto vimepita na usiku wake. Vivyo hivyo sikukuu zikimalizika katikati ya wiki, ni kikombe na baraka ya mwisho peke yake. Yom Kipuri inatoka na moto, lakini uchukuliwe kutoka kwenye taa iliyowashwa kabla ya saumu kuanza.

Kwa ndugu aliye peke yake Muscat au Toronto anayetaka kusikia Havdala ya nyumbani kwa simu: Auerbach alikataa kwamba sauti ya mashine inatimiza wajibu, Feinstein aliiachia nafasi pale penye dhiki kubwa, kama mgonjwa aliyelazwa asiye na wa kumsomea. Mwenye afya na kikombe cha juisi ya zabibu mkononi asome mwenyewe, kisha apige simu aimbe na wenzake.